Algorithimu inasomewa kwa kalamu

Mdogo wangu wa Epulu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Uko mwaka wa mwisho wa sekondari, seksheni ya sayansi, unapenda hesabu, na umesikia kuna watu wanaosomea algorithimu mpaka wanakuwa maprofesa. Mjomba amekwambia informatiki ni kuchapa barua na kutoa fotokopi mjini. Nyumbani kompyuta hakuna. Unaniuliza kama hayo masomo ni ya watoto wa Kinshasa tu.

Hapana, mpenzi. Na mjomba usimvunjie heshima: anasema kazi anayoiona, na kazi ile inalisha familia nyingi. Lakini kazi ile si fani unayoiulizia. Msomi wa algorithimu ana swali moja analoling'ang'ania: kazi ikiongezeka mara mbili, jasho linaongezeka mara ngapi? Ipo njia fupi zaidi? Na kama haipo, naweza kuthibitisha kwamba haipo? Majibu mengi ya maswali hayo yalipatikana kwenye karatasi, kwa kalamu.

Hebu tutumie mambo ya hapo hapo kwenu. Tangu mwaka 1994, msituni Edoro na Lenda, watafiti wamepima hekta 40 za msitu, mti kwa mti, kuanzia wenye unene wa sentimita 1 kwenye usawa wa kifua, na kila mti ukapewa namba yake. Vita vya Kongo vilipofika, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki Epulu, akaficha sampuli za mimea, kompyuta na takwimu za miti 380,000. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira kwa kazi hiyo. Nataka ujue kwamba takwimu kubwa kama hizo zilitoka kijijini kwako, na kwamba kuna mtu aliyehatarisha maisha yake ili zisipotee.

Sasa chukua namba 380,000. Tuseme unatafuta namba iliyoandikwa mara mbili kwa makosa. Njia inayokuja haraka ni hii: shika mti wa kwanza, ulinganishe na yote iliyobaki, shika wa pili, fanya vilevile, mpaka mwisho. Hapo utalinganisha karibu mara bilioni 72. Njia nyingine: panga kwanza namba zote kutoka ndogo hadi kubwa, kisha zipitie mara moja tu, kwa sababu zinazofanana zitakuwa zimekaa bega kwa bega. Ukipanga kwa ustadi, utalinganisha mara milioni 7 hivi. Jasho limepungua karibu mara elfu kumi, na hakuna aliyenunua mashine mpya. Tena orodha ikishapangwa, ukitaka kutafuta mti mmoja unafungua katikati, unaacha nusu isiyohusika, unafungua katikati ya nusu iliyobaki. Hutazami zaidi ya mara 19.

Hiyo ni algorithimu. Nusu ya pili ya fani, ile inayohusu ugumu wa ukokotoaji, ndiyo inayonipendeza zaidi: imethibitishwa kwamba anayepanga orodha kwa kulinganisha namba mbili mbili hawezi kushuka sana chini ya zile milioni 7, hata awe hodari namna gani, leo au miaka elfu ijayo. Fikiria uzito wa kauli hiyo. Binadamu anakaa chini na kueleza kitu ambacho hakuna mtu atakayekiweza, na anatoa sababu isiyopingika.

Kuna kazi nyingine ambazo hakuna anayejua bado kama zina njia fupi. Hifadhi ya Okapi hapo kwenu ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Mlinzi akiambiwa atoke Epulu, akague sehemu 20 msituni, kisha arudi kwa mwendo mfupi kuliko yote, afuate mpangilio gani? Ukijaribu mipangilio yote kwa mashine inayojaribu bilioni moja kila sekunde, utamaliza baada ya miaka 77. Mwaka 1962 Michael Held na Richard Karp walionyesha njia ya kukumbuka majibu ya safari ndogo ili usizirudie, na kwa sehemu 20 mashine hiyo hiyo inamaliza kwa chini ya sekunde moja. Ajabu, sivyo? Lakini weka sehemu 60, na njia yao nayo inadai zaidi ya miaka 100,000. Mwaka 1971 Stephen Cook, na mwaka uliofuata Karp huyo huyo, walionyesha kwamba maswali mengi ya aina hii yamefungamana: ukipata njia ya haraka ya kumaliza moja, umeyamaliza yote. Tangu mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani imeahidi dola milioni moja kwa atakayethibitisha kama njia hiyo ipo au haipo. Mpaka leo fedha hizo hazijachukuliwa.

Sasa tuongee kuhusu maisha, maana dada yenu asipowaambia haya atakuwa amewadanganya.

Kazi hii ni ya subira ndefu. Kwa swali lile la safari ya mlinzi, mwaka 1976 Nicos Christofides alipata njia ya haraka inayotoa safari isiyozidi mara moja na nusu ya ile fupi kabisa. Miaka 44 ikapita ndipo Anna Karlin, Nathan Klein na Shayan Oveis Gharan wakapunguza kiwango hicho, tena kwa kipande kidogo kiasi kwamba hakuna dereva atakayekiona. Wenzao walishangilia kweli, kwa sababu ukuta uliosimama tangu 1976 ulikuwa umetoboka. Kama furaha ya namna hiyo huielewi, chagua kutengeneza programu au mitandao. Ni kazi nzuri, na mshahara huja mapema zaidi.

Ukiielewa, njia ni hii. Eksetati ipite vizuri. Chuoni, angalia kwanza masomo yanayofundishwa kabla ya kutazama jina la idara: ukikuta idara ya informatiki yenye hesabu kidogo, na ya hesabu yenye informatiki kiasi, mimi ningechagua ya hesabu. Kisangani na Kinshasa kuna vyuo vikuu vya serikali, na Bunia nako vipo vya karibu zaidi. Baada ya licence, ulizia AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu yenye kituo Kigali, inayotoa ufadhili wa masta. Kule wanafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo anza sasa. Kifaransa peke yake hakitakufikisha kwenye maandiko mapya ya fani hii. Ukirudi kufundisha nyumbani utapanda ngazi kutoka asistanti, shefu wa travo, hadi profesa, na ngazi hizo hupandwa polepole. Nakuomba pia usipande pikipiki kwenda Mambasa kutafuta intaneti siku ambayo habari za barabara si nzuri. Somo litakusubiri.

Nawe binti unayesoma hapa na kunyamaza darasani: Rediet Abebe, mzaliwa wa Addis Ababa, alipata udaktari wa sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2019, mwanamke mweusi wa kwanza kuupata hapo. Anachunguza algorithimu na namna zinavyogusa watu wasio na kitu. Maswali yako yana nafasi.

Nawaachia kazi. Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa na Komanda ziko kwenye barabara moja. Ukitoka Epulu, ukapita zote na kurudi, safari fupi kuliko zote ina urefu gani? Jibu ni mara mbili ya umbali kutoka Bafwasende hadi Komanda, na uthibitisho wake ni mfupi: kila kipande cha barabara lazima ukivuke angalau mara mbili, kwenda na kurudi. Sasa ongeza Isiro, kwa njia inayopanda kaskazini kutoka Nia-Nia, na uchukulie kwamba njia nyingine hakuna. Je, hoja ile bado inasimama? Andika sababu zako mstari kwa mstari, kisha mpe mwalimu wako wa hesabu atafute kosa.