Majuto ya Mwaka 1977: Somo kwa Sisi wa Mpakani



Katika mjadala wa muhula huu tuliulizwa swali hili: Nchi ikiisha kujitoa katika umoja, kisha wananchi wakajuta, je, majuto yao yanafaa nini? Wasemaji karibu wote walitoa mfano wa Uingereza na Umoja wa Ulaya. Mfano huo ni mzuri, nami nitaugusa. Lakini sisi tunaokaa baina ya Tororo na Busia tuna mfano wetu wenyewe, wa zamani zaidi, nao unatufundisha mengi.

Kwanza yafaa tukumbuke umoja wenyewe ulikuwaje. Kabla ya uhuru Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na reli moja, posta moja, forodha moja na shilingi moja. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema yu tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zote zipate uhuru pamoja na kuungana. Mwezi wa Juni 1963 viongozi watatu walitangaza mjini Nairobi kwamba wataunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha bila shirikisho, na mwaka 1966 kila nchi ikatoa fedha zake. Hata hivyo, tarehe 6 Juni 1967, Mzee Kenyatta, Mwalimu Nyerere na Dk. Obote walitia sahihi mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu yakawa Arusha, na mashirika yakagawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala.

Jumuiya hiyo haikufika miaka kumi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mbili zilikuwa kubwa. Ya kwanza ni mgawanyo wa faida: Tanzania na Uganda ziliona kwamba viwanda na biashara vinaelemea Kenya. Ya pili ni siasa za wakubwa. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda mwezi wa Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na kwa hiyo baraza la marais, lililokuwa kichwa cha Jumuiya, halikukutana tena. Mwili usio na kichwa hauendi mbali. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege lilivunjika, Kenya ikaanzisha lake, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ilipofika mwezi wa Julai Jumuiya haikuwa na bajeti, nayo ikafa.

Sasa tuulize: ni nani aliyeulizwa? Nchini Kenya bunge lilikuwa la KANU peke yake tangu chama cha KPU kilipopigwa marufuku mwaka 1969. Nchini Tanzania, TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, siku zile zile mpaka ulipofungwa. Nchini Uganda vyama vilinyamazishwa tangu 1971. Katika nchi zote tatu hapakuwa na chama cha upinzani bungeni cha kusimama na kusema, “Waheshimiwa, mnavunja nini, na kwa faida ya nani?”

Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na nyasi zilikuwa hapa. Iteso wako Tororo na wako Malaba upande wa Kenya. Wasamia wako pande zote mbili za mto Sio. Mpaka huu uliwekwa mwaka 1902, Waingereza walipolihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwezi wa Februari 1976 Amin alidai kwamba nchi hiyo ni ya Uganda. Makuli wa bandari ya Mombasa wakakasirika na kukataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Bei ya kahawa ilipopanda duniani miaka hiyo, gunia likawa halipiti njia ya halali bali usiku, kwa magendo. Watu wa ukoo mmoja wakawa wavushaji na wakamatwaji. Hata neno “boda boda”, ambalo leo limeenea kote, lilizaliwa kwa baiskeli za Busia zilizobeba abiria na mizigo kutoka kituo cha mpaka huu hadi cha ule.

Basi majuto yalikuwapo. Wafanyakazi wa mashirika ya Jumuiya walipoteza kazi, na wengine walidai mafao yao kwa miaka mingi. Lakini majuto ya mioyoni hayakufungua hata lango moja. Kilichohitajika kilikuwa kazi ya subira. Mswisi mmoja, Dk. Victor Umbricht, alisuluhisha ugawaji wa mali na madeni, na tarehe 14 Mei 1984 marais walitia sahihi mjini Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Angalia, msomaji, wawili kati ya waliotia sahihi siku hiyo, Nyerere na Obote, ndio waliotia sahihi mwaka 1967! Katika mapatano hayo waliahidi kutafuta njia za kushirikiana tena. Mkataba mpya ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Kuvunja kulichukua miezi michache. Kurudi kulichukua miaka 23.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Majuto yanafaa pale tu yanapoandikwa kuwa sheria. Dibaji ya mkataba wa 1999 inataja wazi yaliyoua Jumuiya ya kwanza: upungufu wa nia ya kisiasa, wananchi na wafanyabiashara kutoshirikishwa vya kutosha, na mgawanyo usio sawa wa faida. Serikali mara chache hukiri hivyo. Tena kifungu cha 145 kinasema nchi haiwezi kujitoa ila bunge lake likubali kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe notisi ya miezi kumi na miwili. Rais mmoja mwenye hasira hatoshi tena.

Lakini tusilale. Wabunge wa Afrika Mashariki hawachaguliwi na wananchi. Huchaguliwa na mabunge ya nchi, na humo vyama ndivyo vyenye nguvu. Mwaka 2006 ugomvi wa vyama vya Kenya juu ya majina ulifika katika Mahakama ya Jumuiya, nayo mwaka 2007 ikaamua kwamba utaratibu uliotumika haukuwa uchaguzi. Mwaka 2017 Kenya ilichelewa tena kupeleka wabunge, na Bunge zima likangoja.

Nayo Uingereza? Wao waliulizwa, tarehe 23 Juni 2016, na asilimia 52 wakachagua kutoka. Walitoka tarehe 31 Januari 2020. Tangu hapo kura za maoni zimeonyesha mara nyingi kwamba wengi wanaona ilikuwa makosa. Hata hivyo chama cha Labour kilishinda mwaka 2024 kikiahidi kutorudi. Hivyo hata penye vyama vingi, chama huogopa kufungua tena kidonda kilichowagawa wapiga kura wake.

Mimi nina miaka kumi na tisa, na wengi wa darasa langu tuna haki ya kupiga kura. Mgombea akija na fulana na nyimbo za chama, tumwulize mambo mawili: Utamchagua nani kwenda Arusha, na kwa njia gani? Na mahindi au maziwa ya jirani yakizuiwa mpakani, utasema nini bungeni? Asiyeweza kujibu hatufai sisi wa mpakani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee wetu walijenga ukuta huo kwa miaka 23; kazi yetu ni kuutazama ufa mapema.