Kijana wa Jabe, Unataka Kutibu Watu Mapema? Anzia Hapa

Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, vibarazani Jabe, Bujumbura, huzuka swali lilelile: nisomee udaktari miaka yote ile, au nitafute njia fupi? Kutaka kuwahi si aibu, familia inasubiri na wagonjwa pia. Ila chagua macho yakiwa wazi.

1. Jua unataka kutibu nini. Malaria, kuhara, presha, wajawazito, chanjo: hizo ndizo kazi za kituo cha afya, na Burundi vituo hivyo huendeshwa zaidi na wauguzi. Tangu 2006 kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure, kwa hiyo wagonjwa hawakosekani. Kama moyo wako uko hapo, njia fupi inakufaa. Kama unaota upasuaji, jiandae kwa safari ndefu.

2. Njia fupi si moja. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, hutoa madaktari kwa miaka 3, lakini wanaoingia wameshapitia chuo kikuu, na baadaye bado wanapitia mafunzo ya utabibu wa familia au fani nyingine. Kenya na Tanzania zina diploma ya utabibu ya miaka 3 baada ya sekondari. Hiyo ni kada nyingine, yenye heshima yake, ila si udaktari. Anayekuahidi udaktari kamili kwa miaka hiyo baada ya sekondari, mkimbie.

3. Cheti kitatambuliwa wapi? Hapa ndipo vijana wengi wanaweza kuumia. Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, lakini usidhani kila diploma inavuka mpaka na thamani yake. Kabla ya kulipa hata faranga moja, nenda Wizara ya Afya na jina la chuo, uulize utaajiriwa kwa daraja gani, na uombe jibu la maandishi.

4. Lugha. Kiswahili chako kitakubeba kwa mgonjwa wa Kigoma au Mombasa. Darasani kule ni Kiingereza.

5. Uliza kuhusu mazoezi ya vitendo. Chuo kinachofupisha likizo ni sawa. Kinachofupisha muda wa wodini, achana nacho.

6. Uliza kama diploma hiyo inafungua mlango wa shahada baadaye.

Na kabla ya kujaza fomu yoyote, mwombe muuguzi wa kituo cha karibu ushinde naye siku moja, umwone akifanya kazi.