Mzazi Akikutumia Pesa Nyingi, Usianze na Kununua

Tuseme mama ameuza sehemu ya shamba lake Njoro, na kila mtoto amepata shilingi 400,000. Yako imeingia kwa simu asubuhi, mara mbili, kwa sababu muamala mmoja hauzidi 250,000. Kufikia jioni ndugu anataka kukopa, rafiki anauza boda, na broka ana ploti ya "bei ya leo tu". Uanzie wapi?

1. Mpigie mama
Mshukuru, kisha muulize: "Mama, hii pesa ulikuwa unaionaje?" Huenda anataka ujenge. Huenda anatarajia umsaidie na dawa za presha akizeeka. Shamba likishauzwa halirudi, kwa hivyo ni heri mwelewane sasa kuliko kukosana baadaye. Mke au mume wako pia ajue.

2. Itoe kwa simu, uitulize
Laini inaweza kushika hadi 500,000, lakini pesa iliyo karibu na kidole huisha haraka. Na kama una deni la Fuliza, linakatwa pesa ikiingia tu, kwa hivyo hesabu kile kilichobaki.

Peleka benki, ambako Shirika la Bima ya Amana (KDIC) hulinda hadi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Au tumia mfuko wa soko la fedha wenye leseni ya CMA. Kaa mwezi mmoja kabla ya kuamua. Anayekuomba mkopo mwambie tu: "Bado tunapanga."

3. Igawe kwa karatasi
Mfano wetu:
- Madeni ya riba kubwa: 60,000
- Akiba ya dharura, matumizi ya miezi 3: 90,000
- Matibabu ya mama: 30,000
- Mradi mmoja: 220,000

Hesabu yako inaweza kuwa tofauti. La muhimu ni kwamba madeni na dharura zitangulie. Mradi ukianza bila akiba, mtoto akiugua utauza mali kwa hasara.

4. Ukitaka ploti
Kagua hati miliki kwa afisi ya ardhi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kama ni shamba la kilimo, kama mengi ya Njoro, Molo na Subukia, lazima kuwe na kibali cha bodi ya ardhi. Bila kibali hicho, mauzo ni batili kisheria. Broka akisema "lipa leo ama ichukuliwe", wacha ichukuliwe.

5. Linda PIN yako
Habari za pesa husambaa. Mtu akipiga akisema anatoka kwetu na anataka PIN, kata simu. Sisi hatukuulizi PIN, hata siku moja.

Leo fanya moja tu: mpigie mama. Hayo mengine yatangoja.