Chombo cha babu chenye uta

Swali: Katika sanduku la marehemu babu, aliyekuwa fundi wa majahazi Lamu, nimekuta kijiti cha mviringo chenye ncha bapa ya chuma, kipande cha mti chenye tundu, na fimbo iliyofungwa kamba ncha hadi ncha. Je, ni mtego wa ndege?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, ndege wa Lamu wamesalimika. Hiyo ni keke, yaani chombo cha kutobolea mbao. Fimbo yenye kamba ndiyo uta wake, na kamba hiyo huzungushwa mara moja kwenye kijiti. Kipande chenye tundu hukaa juu, fundi akakikandamiza kwa kiganja, na mkono wa pili ukavuta na kusukuma uta kama msumeno. Kijiti huzunguka mbele na nyuma, na ndiyo sababu ncha yake ni bapa, yenye makali pande zote mbili: hukata kwa kila mzunguko. Ncha yenye umbo la parafujo ingekata upande mmoja tu.

Fundi wa majahazi aliihitaji sana: ubao mgumu ukipigwa msumari bila kutobolewa kwanza huweza kupasuka, na chombo cha baharini kina misumari mingi. Hata mitepe, yaani vyombo vya kale vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, ilihitaji matundu.

Ukitaka uhakika, angalia katikati ya kijiti. Ukiona mkwaruzo wa mviringo uliolainika, hapo ndipo kamba ilipopita. Basi usiipige keke hiyo msasa, utafuta alama hiyo. Pangusa kwa kitambaa kikavu, paka chuma mafuta kidogo, na usitenganishe vipande vyake.