Dondoo muhimu: Kiti cha joto kisichopata moto

Kiti cha joto cha gari kikigoma, usikimbilie kufumua kava. Anzia chini yake. Ni kweli waya wa ndani hukatika, hasa abiria akizoea kupiga goti juu ya kiti. Lakini soketi iliyo sakafuni ndiyo inayopokea matope, vumbi na mtikisiko wote wa barabara ya Butembo–Beni. Chomoa betri kwanza, na plagi ya manjano usiiguse: kwa kawaida ni ya mfuko wa hewa. Kisha chomoa soketi ya kiti, upime waya wa ndani kwa mita. Omu chache, mzima. Isiposoma kitu, umekatika. Ukiwa mzima, rudisha betri, washa swichi, upime volti soketi ikiwa imechomekwa, maana iliyoota kutu ya kijani huonyesha 12 ikiwa wazi, kisha huporomoka mzigo ukiingia.

Utaambiwa kiti hiki ni anasa karibu na ikweta. Asubuhi za Butembo, mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, zinakataa. Na hata Beni kwenye joto, waya uliokatika nusu unaweza kuunguza kiti. Wengine, fyuzi ikiungua, huweka kubwa zaidi. Hapo fyuzi inapona, waya unaungua. Asiyetaka joto aichomoe fyuzi hiyo, akihakikisha haihudumii kifaa kingine.