MAFUTA YA SAMAKI: CHUPANI AU CHUNGUNI?



Siku hizi vidonge vya mafuta ya samaki, viitwavyo omega-3, vinauzwa katika maduka ya dawa mjini. Wengine huletewa na jamaa zao walio ng'ambo. Je, tuvinunue? Leo tujifunze jambo hili.

Omega-3 ni nini?

Mafuta tunayokula yameumbwa kwa minyororo midogo sana, isiyoonekana kwa macho. Omega ni herufi ya mwisho ya Kigiriki. Wataalamu huhesabu pete za mnyororo kuanzia mkiani; ndiyo maana kuna omega-3 na omega-6. Mwili hauwezi kuzianzisha wenyewe. Lazima tuzile.

Omega-6 imo tele katika mafuta ya alizeti na ya mahindi. Omega-3 ndiyo ya kutafuta. Katika nazi haimo. Katika mafuta ya soya imo kiasi. Lakini ile inayojenga ubongo na macho ya mtoto imo zaidi katika samaki wenye mafuta: dagaa, vibua na jodari.

Je, vidonge vinasaidia?

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani. Watu 25,871 walishiriki. Nusu yao walipewa gramu 1 ya mafuta ya samaki kila siku, na nusu walipewa vidonge vitupu. Baada ya miaka 5 hivi, vidonge havikuonyesha kupunguza saratani wala jumla ya maradhi makubwa ya moyo na kiharusi. Basi mtu mzima mwenye afya, anayekula samaki, havimlazimu.

Daktari huweza kumwandikia mgonjwa mwenye mafuta mengi katika damu. Hiyo ni dawa, si kitoweo. Vikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Hasara mara mbili

Dagaa wa Unguja huanikwa, hutiwa magunia, wakasafirishwa hadi Bara na Kongo. Ni biashara nzuri. Lakini nyumba ikiuza dagaa wote, ikanunua chupa ya vidonge, na mtoto akala wali mtupu, hapo tumekula hasara mara mbili. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, humpa mtoto protini na kalsiamu. Kidonge hakimpi hayo.

Tufanye hivi:

1. Tutenge fungu la nyumbani kabla ya kuuza. Tule samaki mara mbili kwa wiki, angalau.
2. Tupike mchuzi zaidi kuliko kukaanga.
3. Mama mjamzito ale dagaa na vibua, aepuke papa na nduaro, kwani wana zebaki nyingi. Pia asinywe mafuta ya ini la samaki. Yana vitamini A nyingi, ikizidi humdhuru mtoto tumboni.
4. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza.

Maswali ya kuzungumza

1. Chupa moja ya vidonge ni shilingi ngapi? Fedha hizo zinanunua mafungu mangapi ya dagaa?
2. Nyumbani kwako, nani hupewa samaki kwanza? Nani hukosa?