SOMO: JINA LA BINTI YETU KATI YA NDUGU ZAKE

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 29:31-35, 30:6, 21, 35:16-18, Ayubu 1:18-19, 42:12-15, Hosea 1:3-9, 2:1, 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10, Luka 1:57-63.



Katika kazi yetu ya ushemasi wazazi wanatujia mara nyingi na swali moja. Mtoto wa kike amezaliwa, siku ya kumleta mbele ya kanisa inakaribia, na nyumbani hawajapatana juu ya jina. Mama anataka lifanane na majina ya watoto waliotangulia. Baba anataka jina la mama yake mzazi. Shangazi ametuma neno kutoka kijijini. Jirani naye amesikia jina zuri kwenye redio. Basi tunaulizwa: jina gani litapatana na majina ya ndugu zake?

Jibu letu ni hili: jina lipatane kwanza kwa uzito, ndipo kwa sauti. Binti asiitwe jina la huzuni ndani ya nyumba ambamo ndugu zake wanaitwa majina ya baraka. Tujifunze jambo hili hatua kwa hatua.

1. Jina linaonyesha mahali pa mtoto

Mababu zetu walijua kwamba mtoto haitwi peke yake. Aliitwa pamoja na wale waliomtangulia. Kwa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, mtu akisema Kambale tunajua ni mwana wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Masika ni binti wa kwanza. Na tena kuna jina Kahindo, la mtoto wa kike aliyekuja kugeuza mfululizo baada ya mtoto wa kiume. Kwa Waluba wa Kasai mapacha ni Mbuyi na Kabanga, na kwa Bakongo ni Nsimba na Nzuzi, na mtoto anayefuata mapacha hao kwa Bakongo ni Nlandu. Majina hayo yanasema: huyu ana wakubwa wake, huyu si mgeni hapa.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama jina litapatana na majina ya ndugu hajachukua desturi ya kizungu. Anafuata njia ya wazee. Tofauti ni kwamba siku hizi wengi wetu hatuna tena orodha iliyowekwa tayari. Mji umetuchanganya, ndoa zimeunganisha makabila, na sisi wazazi ndio tunaochagua. Mtu anayechagua atajibu kwa alichochagua.

2. Kupatana kwa sauti

Tuanze na jambo jepesi. Wazazi wengi wanapenda majina yaanze kwa herufi moja au yaishe kwa sauti moja. Si kosa. Lakini tumeona taabu yake. Nyumba ina Merdi na Glodi, mtoto wa tatu anaitwa Medi, na ukiita mmoja kutoka jikoni wanaitika wawili. Shuleni mwalimu anaandika pointi za mmoja kwa mwenzake. Hospitalini fishe ya dada inawekwa katika faili ya kaka, na dawa ya mtoto wa miaka 8 inaweza kutolewa kwa mtoto wa miaka 2. Majina yanayofanana mno si mapambo tena, ni hatari.

Shauri letu: majina yawe ya jamii moja, lakini kila moja lisikike peke yake. Kama wakubwa wana majina ya Kiswahili, Baraka na Amani, binti anaweza kuwa Neema, Furaha, Zawadi au Mapendo. Kama wana majina ya Kishi, Mugisho lenye maana ya baraka na Murhula lenye maana ya amani, basi Nzigire, linalotoka katika neno la kupenda, litakaa vizuri kati yao. Kama ni majina ya Kifaransa yaliyokatwa na kuunganishwa, kama Glodi, utukufu kwa Mungu, basi Plamedi, mpango wa ajabu wa Mungu, ni la namna hiyo hiyo na halichanganyiki nalo. Simama mlangoni uyaite majina yote kwa sauti kubwa, kutoka mkubwa mpaka mdogo. Masikio yako yatakuambia.

3. Kupatana kwa uzito

Sasa tufike mahali penyewe. Katika nchi yetu, na zaidi huku mashariki, watoto wengi wamezaliwa katika mbio, njaa na msiba. Wazazi wakaandika habari hizo juu ya mtoto: Shida, Mateso, Masumbuko, Machozi. Tunawaelewa. Jina lilikuwa kama ushuhuda wa mambo waliyopita.

Lakini tazama mara ngapi mzigo huo unaangukia binti. Wavulana wawili wa kwanza wanaitwa Baraka na Heshima. Anazaliwa msichana, na wa pili, na wa tatu, baba anangojea mvulana mwingine. Msichana wa tatu anapewa jina la uchovu wa baba. Au mama aliteseka sana kumzaa, na jina linakuwa deni ambalo mtoto atalilipa maisha yake yote. Siku moja ataanza kuuliza: kaka zangu waliitwa baraka, kwa nini mimi niliitwa taabu? Mimi nilifanya nini?

Biblia inatuonyesha jambo hili. Lea alipozaa wana wake, kila jina lilipewa maelezo: Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda. Tunasoma sababu ya kila mmoja. Alipozaa binti, tunasoma tu kwamba alimwita Dina, wala sababu haikuandikwa. Hata hivyo jina Dina lina shina moja na jina la ndugu yake Dani, shina lenye maana ya hukumu, yaani Mungu anayetetea haki ya mtu. Maelezo yalikosekana, lakini jina lake lilikuwa la nyumba ileile. Sisi wazazi wa leo tusinyamaze kama ilivyonyamazwa juu ya Dina. Binti naye apewe sababu ya jina lake, na sababu hiyo iwe nzuri kama ya kaka zake.

Mtu atatuuliza habari za Hosea. Je, binti yake hakuitwa Lo-ruhama, yaani asiyehurumiwa, akiwa kati ya kaka zake wawili Yezreeli na Lo-ami? Ni kweli. Lakini majina yale yalikuwa neno la Mungu juu ya taifa zima, kwa wakati wake. Hayakuwa kipimo cha wazazi. Tena angalia, Mungu mwenyewe hakuyaacha vile. Katika sura ya 2 yanageuzwa, na dada anaitwa Ruhama, aliyehurumiwa. Ikiwa Mungu aliondoa neno zito juu ya binti, sisi tunaliweka kwa ruhusa ya nani?

4. Ayubu na binti zake watatu

Mfano tunaoupenda kuliko yote ni wa Ayubu. Mtu huyu alizika watoto kumi kwa siku moja. Mwisho wa kitabu anapata tena wana saba na binti watatu. Kama kuna baba aliyekuwa na haki ya kumwita mtoto Machozi, ni yeye. Hakufanya hivyo. Aliwaita Yemima, Kesia na Keren-hapuku.

Tuangalie maana. Yemima huelezwa kuwa njiwa. Kesia ni ganda la mti lenye harufu nzuri, la jamii ya mdalasini. Keren-hapuku ni pembe ya wanja, chombo cha kuwekea rangi ya macho. Majina matatu, sauti tatu mbalimbali, hakuna anayechanganywa na mwenzake. Lakini yote ni ya nyumba moja: uzuri, harufu njema, furaha. Hivyo ndivyo majina yanavyopatana. Hapa kwetu Kongo wazazi wengi wanawaita binti zao Jemima, Ketsia na Keren kutoka fungu hili, na wamefanya vema wakijua habari yenyewe.

Tena kuna ajabu mbili katika fungu hilo. Wana saba hawakutajwa majina, binti ndio waliotajwa. Na baba yao akawapa urithi pamoja na kaka zao. Jina zuri bila sehemu katika nyumba ni maneno matupu. Ukimwita binti yako Neema, halafu ukauza mbuzi kwa karo ya kaka yake na kumwacha yeye nyumbani, umelikana jina ulilolitoa.

5. Wale walio na majina mazito tayari

Labda unasoma hapa na wewe unaitwa Shida, au binti yako mkubwa anaitwa Masumbuko. Usifikiri tumekuhukumu. Yabesi aliitwa hivyo kwa sababu ya uchungu wa mama yake, lakini Maandiko yanasema alipata heshima kuliko ndugu zake. Aliomba, na Mungu akampa alichoomba. Jina halikumfunga.

Kwa mzazi tunasema: mweleze binti yako historia ya jina lake. Mwambie shida ilikuwa ya nchi, wala haikuwa yeye. Unaweza kumwongezea jina la nyumbani, na jamaa yote ilitumie. Raheli akiwa anakufa alimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, lakini Yakobo akamwita Benyamini. Baba alisimama palepale akabadilisha.

6. Jina lililokuja kwa ndoto au kwa unabii

Katika kanisa letu jina linaweza kuletwa katika ndoto, au kupitia mtumishi mwenye karama. Tusidharau unabii, lakini tupime yote, kama tunavyofundishwa katika 1 Wathesalonike 5:20-21. Kipimo kimoja kiko katika Luka 1. Majirani na jamaa walikuja na jina lao, Zakaria. Elisabeti akasema ni Yohana. Zakaria, ambaye hakuweza kusema, akaandika jina lile lile kwenye kibao. Baba na mama walishuhudia jambo moja. Kama jina limefunuliwa lakini mama analia na baba amekasirika, ngojeni, ombeni tena. Roho wa Mungu hajengi jina kwa kubomoa ndoa.

7. Karatasi za serikali

Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni, na Mobutu mwenyewe akaacha yale ya Joseph-Désiré. Mambo yalianza kulegea mwaka 1990. Ndiyo sababu wengi wetu tuliozaliwa miaka ile tuna majina ya mababu tu katika karatasi, na wadogo zetu wana majina mengine. Tumeona taabu ya ndugu wa tumbo moja wasio na jina hata moja la pamoja: wanapotoroka vita na kufika mahali pageni, wanaulizwa kama kweli ni ndugu. Kwa hiyo tunashauri watoto wote, wa kiume na wa kike, wabebe jina moja la ukoo pamoja. Juu yake kila mmoja awe na lake.

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inakataza jina la matusi, la kumshusha mtu au la kuchokoza. Baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Jina likishaandikwa halibadilishwi kwa kupenda, lazima kupita mbele ya tribinali. Basi fikirini kabla ya kwenda komini.

Njia ya kufuata nyumbani

Kwanza, baba na mama waandike majina ya watoto wote na maana zake. Pili, waulize: binti huyu akisimama katika mstari huu, atakuwa sawa na wenzake? Tatu, wawasikilize wazee wa pande zote mbili. Jina la bibi linaweza kuwa la pili, na mtoto akipewa jina la bibi mzaa mama, bibi mzaa baba akumbukwe kwa mwingine. Nne, waombe. Tano, wawaambie watoto wakubwa jina na sababu yake, ili wao ndio wawe wa kwanza kumwita mdogo wao.

Maswali ya kujibu katika jamaa

1. Je, kila mtoto wetu anajua sababu ya jina lake?
2. Majina ya binti zetu yana uzito sawa na ya wana wetu?
3. Kwa nini Ayubu hakuweka msiba wake juu ya binti zake?
4. Ni jambo gani tutafanya mwaka huu ili binti yetu aone kwamba jina tulilompa ni la kweli?

Bwana ambaye anawajua walio wake kwa majina awabariki watoto wetu wote. Amina.